Jumamosi za Ndosho

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Masomo yameanza tena. Asubuhi njia zote za Ndosho, mtaa wetu wa Goma, zilijaa mashati meupe na sketi za buluu, na darasa langu la mwaka wa pili limefurika hadi madirishani. Tangu 2019, shule ya msingi ilipofanywa ya bure, wanaletwa hata wale waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa minervali, ile ada ya shule. Hilo ni jema, nalo linamtaka mwalimu ajue kufanya kazi na umati.

Wazazi wa mtaa wameniomba kazi nyingine juu ya hii: Kiingereza kwa watoto wao wadogo, siku ya Jumamosi. Jirani mwenye ua mpana amekubali tuutumie. Nawaelewa wazazi. Tarehe 8 Aprili nchi yetu, Kongo, ilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Nairobi, na tarehe 11 Julai ikawa mwanachama kamili. Ng'ambo ya barrière ya mpaka, Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza mashuleni. Hapa mjini, tangazo la kazi la shirika lolote linaomba Kiingereza. Na kwetu Kiingereza kinangoja sekondari. Mtoto anakutana nacho akiwa mkubwa, kimepangwa ubaoni kama orodha ya kukariri: I am, you are, he is.

Hawa wa kwangu wana miaka sita hadi tisa. Nyumbani wanasema Kiswahili, wengine na Kinande, Kihunde au Kinyarwanda. Shuleni wanasomeshwa Kifaransa. Nataka sarufi ya Kiingereza iwaingie kwa miguu, mikono na sikio. Jina la kanuni litakuja baadaye, wakishaitumia.

Jumamosi, 17 Septemba

Mchezo wa kwanza ni wa amri. Waingereza wana kiongozi anayeitwa Simon: akitanguliza "Simon says", unatii; asipojitaja, ukitii umetoka. Huku Simon hamjui mtu, kwa hiyo nimemweka Mama. "Mama says: sit down." "Mama says: touch your nose." Kisha ghafla: "Jump!" Aliyeruka ametoka, maana Mama hakusema.

Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, kitenzi cha amri katika Kiingereza hakibebi kitu chochote, kama vile "ruka" na "keti" zetu, basi mtoto anaanzia mahali anapopajua. Pili, umati si kikwazo: watoto wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mwenye haya anajificha katikati ya wenzake huku akijifunza. Tatu, na hii sikumwambia mtu: ndani ya "Mama says" imelala ile s ya nafsi ya tatu inayowasumbua hata wanafunzi wa sekondari. Wataisikia kila Jumamosi kabla mtu hajawaambia kwamba ni kanuni, na wataisikia ikitamkwa inavyotakiwa, "sez", kabla macho hayajaisoma kwa Kifaransa.

Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher, wa San José kule California, alijenga mbinu nzima juu ya jambo hili kuanzia miaka ya 1960. Mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda kwa mwili, na hakuna anayelazimishwa kufungua mdomo kabla hajawa tayari. Nilipolisoma jina lake ISP, chuo cha ualimu, lilikuwa mstari wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Leo nimeiona kazi yake ikitembea uani.

Jumamosi, 24 Septemba

Ukuta wa ua huu ni wa mawe ya lava, kama kuta nyingi za Goma zilizojengwa baada ya Januari 2002, lava ya mlima ilipopita katikati ya mji. Vipande havikosekani. Kila mtoto ameokota jiwe lake, nami nimeleta bidoni, kartoni na kiti.

In, on, under. "Put the stone in the box. Put the stone under the chair." Kosa lililojitokeza ni moja, nalo lina mantiki safi kabisa: "under of the chair". Kwetu ni "chini ya kiti", "juu ya kiti", "ndani ya kartoni", na ile "ya" haikosekani. Mtoto anayesema "under of" amebeba sarufi yake nzima na kuivusha mpaka. Sikumkatiza. Nilirudia sentensi yake bila "of", kwa furaha ile ile, na mchezo ukaendelea.

Kisha tukaficha. Mmoja anaficha jiwe, wengine wanauliza. Kiswahili chetu kinauliza kwa kupandisha sauti tu: "Iko chini ya kiti?" Basi wote wakaanza na "It is under the chair?" Nikawasimamisha wawili mbele, mmoja na kadi ya IT, mwingine na kadi ya IS. Anapouliza mtu, hao wawili wanabadilishana nafasi mbio mbio: IS mbele, IT nyuma. Wasipobadilishana, mficha jiwe hajibu. Baada ya muda mfupi darasa zima lilikuwa likiwapigia kelele wabadilishane, na "Is it?" ikawa inatoka vinywani kabla wale wawili hawajafika.

Jumatano, 28 Septemba

Usiku umeme ulikuwepo, nimefungua madaftari yangu ya ISP. Roger Brown, Mmarekani, aliwafuatilia watoto watatu wenye Kiingereza cha nyumbani, akawaita Adam, Eve na Sarah, akachapisha matokeo mwaka 1973. Aliona kwamba viungo vya sarufi huja kwa mpangilio unaofanana. Ing huja kwanza, ikifuatwa na in na on, kisha s ya wingi. A na the huchelewa. Ed ya wakati uliopita inafuata, na s ya nafsi ya tatu iko nyuma yao wote. Mwaka uliofuata Heidi Dulay na Marina Burt waliwapima watoto wa Kihispania na wa Kichina wanaojifunza Kiingereza, wakakuta mpangilio unaokaribiana sana kati ya makundi hayo mawili.

Vitabu vyetu vinaanza na nini? Na "he goes". Vinamdai mtoto tunda linalochelewa kuiva, tena vinamkata alama kwa kutolileta. Nitafuata mpangilio wa watoto.

Jumamosi, 1 Oktoba

Ing. Mmoja anaigiza, wengine wanasema. Sikuwapa picha za vitabu zenye theluji na mbwa wa ndani, wamecheza wanayoyaona. Washing the plates. Sweeping. Carrying water, na mtoto anapinda mgongo chini ya bidoni kama wale wanaopanda kutoka ziwani Kituku. Pushing a chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili: hapo kila mvulana alitaka zamu, goti moja juu ya mbao zisizoonekana, wakishuka mteremko wa kufikirika na kupiga mluzi.

"He is pushing a chukudu." Neno chukudu nimeliacha kama lilivyo. Lina sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, na mtoto wa hapa ana haki ya kuliingiza katika sentensi ya Kiingereza bila kuomba radhi.

Ing imewaingia upesi kwa sababu "na" yetu iko tayari kichwani: anafagia, anaosha, anabeba. Kinachodondoka ni "is". Wanasema "He pushing". Brown anasema hata Eve alianza hivyo. Nangoja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mwaka 1958 Jean Berko, kijana bado, alichora mnyama asiyekuwepo duniani, akawaonyesha watoto wadogo na kuwaambia anaitwa wug. Kisha akachora wawili na kuwaacha wamalizie sentensi. Watoto ambao hawakuwahi kulisikia neno hilo wakasema wugs. Ikaonekana wazi kwamba mtoto hakariri neno moja moja. Ana kanuni kichwani.

Leo nimeanza kwa Kiswahili chetu. Nimechora kidude chenye masikio matatu: "Huyu ni kalimbu. Sasa wako wawili. Wawili hawa ni…?"

"Tulimbu!" Ua mzima, kwa sauti moja, hata yule wa miaka sita. Hakuna aliyewafundisha. Katoto, tutoto, kalimbu, tulimbu. Nikawaambia: mmeona? Neno hamlijui, na wingi wake mmeujua. Nyinyi ni wataalamu. Nyuso zao nitazikumbuka.

Baada ya hapo Kiingereza kilikuwa kazi ndogo. Nikawaeleza kwamba Waingereza wanaweka alama mwishoni mwa neno, sisi tunaiweka mwanzoni. Nikachora a bik, a lun, a tash. Wakatoa biks, luns, tashes, na kila mlio ukapata ishara yake ya mwili: s kwa kidole mdomoni kama anayenyamazisha, z kwa kutikisa mabega kama nyuki, iz kwa kuruka, maana inaongeza pigo. Rocks: kidole. Stones: mabega. Boxes: ruka. Miili yao sasa inatofautisha milio ambayo maandishi yanaificha.

Jumamosi, 15 Oktoba

Yeye wetu ni mmoja, mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinamgawa. Kifaransa nacho kinamgawa, lakini kinakwenda mbali zaidi na kuipa meza jinsia. Kwa hiyo watoto wangu, waliokwisha kuzoea la table, leo walinipa "she" kwa meza na "he" kwa kitabu. Wamefikiri vizuri, wameazima kwa jirani asiyefaa.

Pembe tatu: kwenye kofia ni he, kwenye kikwembe ni she, kwenye bidoni tupu ni it. Ninataja, wanakimbia. "My brother!" Kofia. "Your mother!" Kikwembe. "The table!" Walisitasita, kisha wakamiminika kwenye bidoni. "The doctor!" Hapo wakagawanyika, nusu kofia, nusu kikwembe, wakaanza kushindana. Msichana mmoja mwembamba, anayekaa daima nyuma, akasimama imara kwenye kikwembe: "Madamu, doctor ni she, juu ni miye." Nimeikubali hoja yake mbele ya wote. Pembe zote mbili zilipata alama.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kabla ya kuanza, mama mmoja alinisubiri mlangoni na daftari mkononi. "Madamu, mutoto anarudiaka na kaye yenye haina kitu. Munafundishaka nini hapa?"

Swali ni la haki. Kwake, na kwa wazazi wengi, masomo ni yale yanayoonekana kwenye kaye. Sikumhubiria. Nilimwita mwanawe, nikachukua ufagio nikaanza kufagia: "What am I doing?" "You are sweeping, Madamu." Nikamwambia mama afanye jambo lolote. Akafunga upya kitambaa cha kichwa. "Mama, you are…" Mtoto hakujua neno la kufunga, akafikiri, akasema, "You are putting on the kitambaa." Mama alicheka, kisha akaniangalia kwa macho mengine. Hata hivyo ana hoja: nyumbani hana cha kushika. Kuanzia leo kila mtoto atachora picha moja na sentensi moja chini yake, apeleke nyumbani na kuwasomea.

Somo la leo lilikuwa mpangilio wa maneno. Kadi: A, BIG, BLACK, STONE. Kiswahili ni "jiwe jeusi", Kifaransa ni "pierre noire"; lugha zao zote mbili zinaweka rangi nyuma, basi mwenye STONE alikimbilia mbele. BIG haikuwapa taabu kwa sababu wamesikia "une grande maison". Nikawaambia: sifa ya Kiingereza ni kijana anayetangulia chukudu iliyojaa mzigo, akipiga kelele watu wapishe, jina ndilo mzigo wenyewe, linakuja nyuma. BIG na BLACK wakatangulia wakipiga kelele, STONE akafuata akisukuma. Kutoka hapo kila mtoto akatengeneza msafara wake: a red bus, a small white goat, a new green house.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kiwanja na Rutshuru zimeangukia mikononi mwa waasi wa M23 siku ya Jumamosi. Hatukukutana. Leo maelfu wameandamana mjini kuelekea barrière, na shule nyingi zimewarudisha watoto mapema. Kambi ya Kanyaruchinya inazidi kujaa watu waliokimbia, magodoro vichwani.

Nimejiuliza jioni kama ni halali kucheza michezo ya in na on wakati huu. Jibu nililonalo ni hili: mtoto hapati miaka saba mara mbili. Saa mbili za Jumamosi ambamo anajua nini kitafuata, ambamo anaweza kushinda na kushindwa bila kuumia, ni haki yake, vita iwepo isiwepo. Tutaendelea.

Jumamosi, 5 Novemba

Mvulana mpya, amekuja kutoka Kiwanja, anakaa kwa shangazi yake karibu na hapa. Anaweza kuwa na miaka minane. Hajasema neno, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Sikumuuliza kitu.

Lakini amecheza "Mama says". Aliwaangalia wenzake mara chache, akashika, na kufikia raundi ya mwisho walibaki wanne, naye akiwa mmoja wao. Mchezo haumwombi sauti. Unamwomba asikilize na atende, na hayo anayaweza. Mtoto anayeingia katika lugha ngeni anaweza kunyamaza kwa majuma, akikusanya. Nimewaambia wenzake wasimhimize aseme. Msichana daktari amejiteua kuwa jirani yake.

Jumamosi, 12 Novemba

Soko. Kila mmoja ana meza ya kartoni na bidhaa alizochora: an egg, an avocado, an onion, an orange; a cabbage, a potato, a banana. Kanuni ya an ni ya mdomo, kwa hiyo tuliianza mdomoni: neno likianza kwa kinywa wazi, a inahitaji n ya kushikilia. "A egg" inamkwamisha msemaji mwenyewe, na waliikataa kwa sikio kabla sijaeleza. Samaki sambaza na maharagwe na chumvi vikapata some. "I want some sambaza." "I want an avocado and some beans." Muuzaji haachii bidhaa mpaka a, an au some isikike. Lugha zetu nyumbani zinaishi vizuri bila vijineno hivi, kwa hiyo najua vitadondoka tena na tena. Soko litarudi kila mwezi.

Tukiwa katikati, ndege ilipita chini. Wanajeshi wa Kenya wa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki wametua leo. "Madamu, Bakenya banasemaka Kiingereza?" Nikawaambia wanasema Kiingereza, na Kiswahili pia, na kwamba wakikutana nao wanaweza kuwaamkia kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili bila kuogopa.

Jumamosi, 19 Novemba

Jumanne vita vilikuwa Kibumba, na watu wa Kanyaruchinya walikimbilia mjini kwa wingi. Leo wamekuja watoto wachache. Hakuna kipya nilichofundisha. Tulirudia ya zamani: mawe, pembe tatu, msafara wa chukudu. Nimeona jinsi marudio yanavyowatuliza. Wanaijua kanuni ya mchezo, wanajua nani anafuata, na Kiingereza kinatoka chenyewe, kimelainika. "Is it" haikuhitaji tena wabadilishanaji. "Is" ya "He is pushing" imerudi bila mtu kuidai.

Jumamosi, 26 Novemba

Mistari mitatu chini kwa chaki: jana, leo, kesho. Kwanza kwa Kiswahili: unarukia jana, unasema nililala, leo, ninalala, kesho, nitalala. Li, na, ta. Wamezoea wakati kukaa ndani ya kitenzi, wakaona kwamba Kiingereza kinauweka pengine: ed nyuma, will mbele. I walked, I am walking, I will walk.

Nilijiwekea sheria kabla ya somo. Kwenye mstari wa jana tunataja mambo ya asubuhi hii tu: I washed, I walked, I played. Vitabu vinapenda kuuliza "Where did you live? What did you do last year?" Katika mji huu, mwaka huu, swali hilo lina mlango usiojua unafungukia wapi. Mtoto akitaka kuufungua, ataufungua mwenyewe.

Mmoja akasema "I goed to the market." Ni dalili ya afya: amekwisha kupata kanuni, sasa anaitumia kila mahali, kama wenzake wa London wanavyofanya wakiwa wadogo. Nilimjibu, "Oh, you went to the market! What did you buy?" Akaendelea na hadithi yake. Went ataisikia mara nyingi, siku moja itakaa.

Jumamosi, 10 Desemba

Nzango imetoka Kinshasa na Brazzaville hadi kwenye nyua zetu. Wasichana wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaruka na kutoa mguu mmoja; miguu ikipatana alama ni ya mmoja, ikipishana ni ya mwingine. Tumeigeuza kuwa maswali. "Do you like fufu?" Kofi, kofi, ruka. Wakipatana, aliyeulizwa anajibu "Yes, I do", wakipishana, "No, I don't." Jibu linaamuliwa na mguu, kwa hiyo limetoka bila kufikiriwa, na ndivyo nilivyotaka: do na don't ziwe mwendo wa mwili kabla hazijawa somo. Wavulana waliomba waingie. Wameingia.

Wakati wa mistari mitatu, mvulana wa Kiwanja alirukia jana. Nilikuwa nimezoea kumwona akiruka bila kusema. Leo akasema, "I walked." Akarudi nyuma, akaruka tena. "I walked." Na tena. Kutoka Kiwanja hadi hapa ni kama kilomita 70. Wenzake walimsikiliza, hakuna aliyecheka, na ilipofika zamu ya kesho alisema kwa sauti ile ile: "I will play." Alitumia ed kwa usahihi kamili. Niliandika hivyo kwenye daftari la darasa, maana ndilo jambo alilotupa tulione: ameweza.

Jumamosi, 17 Desemba

Mkutano wa mwisho kabla ya Noeli. Nimewaachia wao waongoze "Mama says". Punde Mama akabadilishwa. "Papa says: stand up." "Yaya says: close your eyes." "Doctor says: open your mouth." S ilikuwa mahali pake kila mara, na sikuwa nimeitaja hata siku moja.

Kisha, wakati wa kuchora, mtoto mdogo wa yule mama wa kaye alinionyesha msichana mwenye bidoni kichwani. Chini yake aliandika kwa herufi kubwa kubwa: MY YAYA CARRYS WATER, yaya akiwa dada yake mkubwa. Tahajia itakuja. Ile s ameiweka mwenyewe, katika kitenzi ambacho hakikuwahi kuingia katika mchezo wetu wa amri. Wengine walipoona, wakaiga: my papa works, my mama sells beans. Si wote, wengi bado wanasema "my mama sell", na hao hawajachelewa. Brown aliiweka karibu na mwisho, nami sitawaharakisha.

Mpango wa Januari. Nitatundika kartoni kubwa ukutani na kuandika kanuni ya nafsi ya tatu kwa mara ya kwanza, kwa maneno machache. Sitaanza na kanuni. Nitaanza na sentensi zao wenyewe, moja chini ya nyingine, kila moja na alama ya aliyeiandika, nao wataniambia wanachokiona mwishoni mwa kitenzi. Watakachosema ndicho nitakachoandika juu. Tutafanya hivyo hivyo kwa wingi, kwa an, na kwa sifa inayotangulia.

Nimewaomba walimu wawili wa sekondari ya jirani waje siku hiyo. Kila Septemba wanawapokea watoto waliokwisha kuamini kwamba Kiingereza ni orodha ya kukariri. Nataka wawaone hawa wakitoa kanuni kutoka katika mambo waliyokwisha kuyasema, kisha tukae pamoja tuangalie ni michezo ipi inaweza kwenda na wakubwa wao.